Picha ya kaka imependeza, lakini daktari hakutabasamu

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kwa sababu nyumbani kwetu kuna furaha, na mimi peke yangu ndiye nisiyeweza kuifurahia. Nikisema sababu yake nitaonekana nina kijicho.

Kaka yangu mkubwa ana saratani ya ubongo, ile inayoitwa glioblastoma. Alifanyiwa upasuaji, akapigwa mionzi huku akimeza temozolomidi, vidonge vya kuua seli za saratani, kisha akaendelea na vidonge hivyo mpaka mizunguko ikaisha. Tukapata kipindi kizuri. Baadaye maneno yakaanza kumtoroka. Anataka kusema "ufunguo" anasema "kile cha mlango". Mguu wa kulia ukawa mzito, na picha ya MRI ikaonyesha kuwa uvimbe umerudi. Upasuaji wa pili ukashindikana kwa sababu uvimbe umekaa karibu na sehemu inayoongoza lugha.

Ndipo daktari bingwa akatueleza kuhusu bevasizumabu, dawa ya dripu ya kila baada ya wiki mbili ambayo wengi wanaijua kwa jina la Avastin. Alisema dawa hiyo inazuia uvimbe usiote mishipa mipya ya damu. Kaka, ambaye ni fundi umeme, akadakia: "Kwa hiyo mnaukatia umeme!" Tangu siku hiyo kila mgeni anayekuja kumjulia hali anaelezwa hivyo.

Shangazi, dawa ilifanya kazi. Baada ya dripu chache maneno yalirudi. Anatembea bila kushikwa mkono. Deksamethasoni, ile steroidi ya kupunguza maji yanayobana ubongo, imepunguzwa, na ule uso uliovimba kwa ajili yake umerudi kuwa uso wa kaka yangu. Picha iliyofuata ilikuwa ya ajabu: lile eneo lililokuwa likiwaka jeupe limepungua zaidi ya nusu. Wifi alilia kwa furaha pale pale kliniki, na picha ikatumwa kwa ndugu wote.

Mimi nilikuwa nimewasindikiza. Walipotangulia nje nikabaki kuchukua faili, nikamuuliza daktari tukiwa kwenye korido, "Kwa hiyo uvimbe umekufa nusu?" Hakutabasamu. Akasema, "Picha imependeza kuliko ugonjwa wenyewe. Tuombe ibaki hivyo kwa muda." Akaitwa, akaondoka.

Mimi ni mwalimu wa biolojia, kwa hiyo sikuweza kuliacha hivyo. Nikaenda kusoma. Nilichokikuta ni kwamba katika tafiti kubwa dawa hii ilichelewesha ugonjwa kuonekana ukisonga mbele, lakini watu hawakuishi muda mrefu zaidi. Nikakuta pia kwamba inaweza kuifanya picha ionekane nzuri ilhali uvimbe bado upo. Sasa kila nikiiona ile picha kwenye simu ya mtu najihisi kama ninayewadanganya wote.

Ingekuwa furaha tu ningenyamaza. Tatizo ni maamuzi. Binti yake anasoma nchi ya mbali, na alikuwa amepanga kuja likizo hii. Baba yake akampigia: "Usijisumbue, mimi nimepona, njoo ukishamaliza masomo." Kumaliza ni zaidi ya mwaka. Kaka anataka kukopa apanue karakana. Anataka kuendesha gari. Karatasi za mali tulizoanza kuandaa na mwanasheria amezirudisha kabatini akisema hizo ni za watu wanaokufa.

Nilimgusia wifi. Akanijibu, "Wewe na vitabu vyako! Ukimwambia, akaanguka, nitasema wazi kuwa ni wewe uliyemuua." Siku hizi tunasalimiana tu. Kaka mwenyewe hajaniuliza kitu, ingawa juzi alinikazia macho akasema, "Mwalimu, mbona wewe hushangilii?" Nikasema nimechoka na kusahihisha madaftari.

Nimwambie kaka ninachokijua? Nimpigie binti yake kimya kimya aje? Au ninyamaze, picha ijayo iseme yenyewe? Na kuna maana gani ya kuendelea na dripu zinazokomba akiba ya nyumba nzima kama hazimwongezei siku?

Kuna na jambo dogo. Ana jino linalomsumbua, anataka likang'olewe wiki hii. Wifi anasema jino halihusiani na kichwa. Nijibu na hilo pia.

Mdogo wake, Mwalimu

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa kuuguza, na pole nyingine kwa kuwa mtu mwenye uso mzito katika nyumba inayocheka. Hiyo ya pili watu hawaitolei pole, kwa sababu hawaijui.

Umeuliza mengi, lakini naona yote yanatoka mahali pamoja. Unajua jambo kuhusu mwili wa mtu mwingine, mwenye mwili hajakuuliza, na kila siku anaamua mambo kana kwamba jambo hilo halipo. Umejipa kazi ya kuwa ama msaliti wa furaha yake ama msaliti wa ukweli. Kabla hujachagua, tutazame kwanza kama kweli umebakiwa na hayo mawili tu. Mimi si daktari na picha ya kaka yako sijaiona. Ila nimeketi na familia nyingi za wagonjwa wa saratani, na habari ya dawa hii naifahamu kiasi cha kuizungumza nawe.

Nianze na umeme wa kaka yako, maana ni mfano mzuri. Mwaka 1971 daktari wa upasuaji wa Marekani, Judah Folkman, aliandika kwamba uvimbe hauwezi kukua kupita milimita chache bila kujiotesha mishipa yake ya damu. Kwa hiyo ukiizuia mishipa, umeuzuia uvimbe. Wengi walimpuuza kwa miaka. Mwaka 1983 kundi la Harold Dvorak lilieleza protini inayotolewa na uvimbe ambayo huifanya mishipa ivuje. Mwaka 1989 kundi la Napoleone Ferrara likaitenga protini inayoiotesha mishipa, likaiita VEGF. Ikaja kuonekana kuwa ni protini ile ile. Bevasizumabu ni kingamwili iliyotengenezwa ili kuinasa, na glioblastoma, yenye mishipa mingi kupindukia, ilionekana kuwa mahali pake hasa.

Shika hapo penye kazi mbili za protini moja, kwa sababu ndipo palipolala fumbo la picha yenu. Mishipa ya ubongo wenye afya haivuji ovyo. Mishipa ya uvimbe huu imesokotwa vibaya na inavuja. Kabla ya MRI mgonjwa hudungwa dawa ya rangi yenye gadolini. Mahali mishipa inapovuja, dawa hiyo hutoka nje ya mishipa, na hapo ndipo pale jeupe panapowaka. Bevasizumabu ikizuia VEGF, uvujaji hupungua upesi, wakati mwingine ndani ya siku chache. Rangi haitoki tena, na weupe unafifia. Seli zenyewe zinaweza kuwa zimepungua, au zimebaki kama zilivyokuwa. Weupe peke yake hautofautishi hayo mawili. Na uvimbe ukikatiwa laini mpya, baadhi ya seli hujiunganishia kwenye laini za zamani: hutambaa kando ya mishipa ya kawaida ya ubongo, iliyokuwepo kabla ya ugonjwa, zikisambaa bila kuvujisha chochote. Ndiyo maana mwaka 2010 wataalamu walibadili vigezo vya kusoma picha hizi. Sasa hutazama pia picha za aina nyingine zisizotegemea rangi, na hutaka nafuu ithibitishwe tena baada ya wiki nne au zaidi kabla ya kuiita nafuu. Nadhani ndicho daktari wenu alichokibana katika sentensi moja ya koridoni.

Hapa nina neno na madaktari, mwanangu, uniwie radhi. Sentensi kama ile haisemwi kwenye korido kwa ndugu aliyerudi kufuata faili. Inasemwa kwa mgonjwa, amekaa, mkewe pembeni, mlango umefungwa. Mzigo ulioubeba hukuuiba. Uliangushiwa mikononi na mtu aliyekuwa na haraka.

Ila na wewe nikuulize. Umeandika kama kwamba nafuu ya kaka yako ni uongo kwa sababu picha haiaminiki. Maneno yaliyorudi ni ya uongo? Mguu uliopata nguvu? Maji yaliyokuwa yakivuja yalikuwa yanaubana ubongo wake. Yakikauka, ubongo unapumua, na mtu anarudi. Kupungua kwa deksamethasoni si jambo dogo pia: ile dawa hupandisha sukari, hunyima usingizi, hulegeza misuli ya mapaja mpaka mtu ashindwe kuinuka kitini, na hubadili hata tabia. Wifi yako alipolia kliniki hakuwa akililia weupe wa kwenye filamu. Alikuwa amepata tena mume anayemwita kwa jina. Katika hilo yeye anaona sawasawa, na wewe na vitabu vyako, kama alivyosema, ulikuwa karibu kulipita.

Sasa namba. Msomaji mwingine mwenye mgonjwa, kama hupendi kuzijua, ruka aya hii na inayofuata, hakuna atakayekulaumu. Mwalimu, tafiti mbili kubwa zilizotoka Februari 2014 zilihusu watu waliogunduliwa ugonjwa kwa mara ya kwanza. Katika mmoja, ugonjwa ulikaa bila kusonga mbele kwa miezi 10.6 kwa waliopata bevasizumabu na 6.2 kwa wasioipata, lakini muda wa kuishi ulikuwa miezi 16.8 kwa 16.7. Mwingine ulileta picha inayofanana na hiyo. Kaka yako hayumo humo, kwa sababu wake umerudi. Utafiti ulio karibu naye ni wa mwaka 2017, uliokuwa na wagonjwa 437 ambao ugonjwa wao ulirudi. Waliopewa bevasizumabu pamoja na lomustini, dawa nyingine ya saratani, walikaa miezi 4.2 kabla ugonjwa haujasonga, na waliopewa lomustini pekee walikaa 1.5. Muda wa kuishi ulikuwa 9.1 kwa 8.6, tofauti ndogo ambayo haikuhesabika kuwa ya kweli. Unafundisha sayansi, kwa hiyo unajua kwamba namba hizo ni za katikati: nusu ya watu walipita hapo na nusu hawakufika. Hazisemi kaka yako yuko upande upi. Daktari wake naye hajui.

Na usidhani wakubwa wamekubaliana. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu kwa ugonjwa uliorudi Mei 2009, kwa kutazama zaidi jinsi picha zilivyoitikia, na Desemba 2017 ikaikamilishia idhini. Ya Umoja wa Ulaya ilitazama suala hilo hilo ikakataa. Hata juu ya hali ya maisha, zile tafiti mbili za 2014 zilipishana: mmoja uliona wagonjwa wakikaa vizuri kwa muda mrefu zaidi na kuhitaji steroidi kidogo, mwingine ukaona wengi wakizorota zaidi kifikra. Nakwambia haya ili usijione wewe una ukweli na wenzako wana ndoto. Unacho kipande kizito cha ukweli. Wifi yako anacho kingine.

Turudi kwa kaka. Una hakika hajui? Mtu anayemkazia macho dada yake mwalimu wa biolojia na kumuuliza mbona hashangilii, mimi simhesabu kuwa mtu asiyejua. Huenda alikuwa akikutania tu. Huenda pia alifungua mlango kidogo kuona kama kuna mtu atakayeingia, wewe ukamjibu kwa madaftari. Na zile karatasi za kabatini zinaweza kuwa za mtu aliyeamini amepona, au za mtu anayeogopa kiasi kwamba hataki kuziona. Hata simu kwa binti inaweza kuwa ni baba anayemlinda mtoto asikatishe masomo. Sijui ni lipi. Wewe pia hujui, na ningependa ujue kabla hujafungua mdomo.

Kumweleza yote kwa kikao kimoja, pamoja na tafiti zako, kuna faida ya kukutua mzigo. Jiulize kwanza mzigo unaotuliwa ni wa nani. Kuna hatari ya kukosea pia, kwa sababu umesoma kuhusu mamia ya watu, hukusoma picha yake. Na habari ya aina hii ikishasemwa hairudi. Lakini kuna njia ya kupima kina cha maji kabla ya kuingia. Unaweza kumwambia, "Kaka, juzi uliniuliza mbona sishangilii. Nina furaha kwa unavyotembea, ila nina maswali kuhusu hiyo picha. Ungependa tumuulize daktari inamaanisha nini kwa miezi ijayo, au hilo tuliache?" Akisema tuliache, amekujibu, na una haki ya kumuuliza siku nyingine. Akisema tumuulize, basi ukweli ameuita mwenyewe, na atakayeuleta ni daktari. Wako wagonjwa wanaotaka kujua kila namba. Wako wanaotaka mke ajue na wao waambiwe cha kufanya tu. Wote wako ndani ya haki yao, na hilo ni gumu kwa walimu.

Kunyamaza mpaka picha ijayo kunaonekana ndiko kuna usalama, na kwa wiki chache huenda kukawa kweli: amani ya nyumba nayo ni tiba. Kinachonitia wasiwasi ni mahali uvimbe ulipo. Umesema ni karibu na sehemu ya lugha. Wakati huu dawa imemrudishia maneno, na hakuna ajuaye kwa muda gani. Ugonjwa ukirudi wakati bevasizumabu bado inatumika, mara nyingi tiba zinazofuata hazipati nguvu kubwa, na jambo la kwanza kuondoka linaweza kuwa uwezo wa kusema anachotaka. Kwangu mimi hicho ndicho dawa hii ilichokipa familia yenu, iwe imeongeza siku au haikuongeza: kipindi ambacho kaka yako anaweza kusema na kuamua mwenyewe. Anaweza kuchagua kukitumia kwa kucheka na kupanua karakana. Ni chake. Ila angalau ajue kuwa amekishika.

Binti sasa. Kumpigia kwa siri nakuelewa, na sikwambii usifanye. Pima tu: siku baba akijua, na atajua, atauliza nini kingine mnakificha. Binti naye atasafiri akiwa na siri ya shangazi yake kifuani, akimtazama baba kama anayeaga. Kwa upande mwingine, akija mwaka ujao akamkuta baba hamwiti tena kwa jina, atauliza nani alijua. Katikati ya hayo kuna mambo usiyohitaji siri kuyasema: kwamba baba anaongea vizuri sasa, kwamba hakuna daktari aliyetamka neno kupona, na kwamba kama anataka kujua zaidi amuulize baba au aombe kuzungumza na daktari kwa idhini ya baba. Ni mtu mzima. Aachiwe hesabu za masomo yake azipige mwenyewe. Au muulize kaka swali lisilo na ugonjwa ndani yake: "Kwa nini asije sasa, ukiwa na nguvu za kutembea naye?"

Mkopo, gari na karatasi nimeviweka fungu lake, kwa sababu havihitaji mjadala wa muda wa kuishi. Kuendesha gari ni swali la daktari kwa kila mwenye uvimbe wa ubongo, kwa ajili ya hatari ya kifafa na ya macho kukosa kuona upande mmoja. Liulizwe wazi, na lijibiwe na mwenye mamlaka. Karatasi ni swali la sahihi: leo hakuna atakayebisha kwamba alielewa alichotia saini. Mkopo ni wa wawili, kwani atakayeulipa mume akishindwa ni wifi yako. Mwache yeye aliseme hilo.

Kuhusu dripu, ulivyouliza ni kama kwamba dawa isiyoongeza siku haina maana. Mtu anayelala usiku, anayekwenda chooni mwenyewe, huenda akaona ina maana sana. Huenda mwingine akasema afadhali akiba ibaki kwa watoto. Ina madhara yake pia: hupandisha presha, huvujisha protini kwenye mkojo, huweza kugandisha damu miguuni au mapafuni, na kwa wachache huleta kutokwa damu au tundu kwenye utumbo. Mkikaa na daktari ningependa muulize: tunatarajia nini kutoka kwenye dripu hizi? Tutajua kwa dalili gani kwamba zimeacha kusaidia? Je, ipo bevasizumabu ya kampuni nyingine inayofanana na hii na yenye bei nafuu? Na tukisimamisha, itakuwaje? Swali la mwisho msilisahau, kwa sababu kwa baadhi ya wagonjwa maji hurudi upesi dawa inapokatwa, na deksamethasoni lazima iwe tayari. Msikate wenyewe kwa kuwa fedha zimeisha wiki hiyo. Ombeni pia kuunganishwa na watu wa tiba shufaa sasa hivi, hata dripu zikiendelea. Watu wengi huwaona kama wapiga tarumbeta za mwisho. Kazi yao ni maumivu, usingizi, kifafa, na hata mazungumzo kama haya yanayokukosesha raha.

Nimemwacha wifi yako nyuma kwa makusudi, ingawa huenda yeye ndiye wa kwanza kumwendea. Amesema neno kali, na nisingekutaka ulimeze kama halikuuma. Lakini yeye ndiye anayeamka saa nane za usiku mgonjwa akigeuka vibaya. Alipokwambia utamuua, nilisikia mtu anayeogopa kuachwa peke yake na ukweli huo. Mwendee bila karatasi na bila namba. Muulize anaogopa nini hasa, kisha mwambie cha koridoni kama kilivyosemwa, bila kuongeza ulichosoma. Si ajabu naye alimwona daktari hakutabasamu. Mkikubaliana kuomba kikao cha kukaa chini wote, kaka akiwemo, utakuwa umepata mwenzako. Asipokubali, bado utajua umesimama wapi, na hutakuwa umemzunguka.

Na jino: hapo wifi amekosea kidogo, mwambie kwa upole. Dawa inayozuia mishipa mipya huzuia pia mishipa ambayo kidonda kinaihitaji ili kipone, na hukaa mwilini kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana kwa upasuaji wa kupangwa husubiriwa angalau siku 28 tangu dripu ya mwisho, na baada ya upasuaji mkubwa dripu haianzishwi kabla ya muda kama huo kupita na kidonda kupona. Asing'olewe wiki hii kabla ya kupiga simu kliniki na kuwaambia tarehe ya dripu ya mwisho, na daktari wa meno naye aambiwe jina la dawa. Kama kuna homa, usaha au shavu limevimba, simu hiyo isingoje kesho.